Nguruwe wa Kaveke

Siku wapangaji wa ploti ya jirani walipomleta naibu wa chifu, Kaveke alikuwa akifagia banda la nguruwe wake pale Murera. Alimsikia Janice kabla hajainua kichwa. Janice alipanga chumba cha mabati upande wa pili wa ua, alifulia watu nguo huko Ruiru, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Chifu, hebu vuta pumzi tu," Janice alisema. "Hivi ndivyo tunakula, hivi ndivyo tunalala. Sare ya mtoto wangu inanuka nguruwe hadi wenzake wanamcheka."

Naibu wa chifu alivuta pumzi, akakohoa, akatoa kitambaa na kuziba pua, kisha akamgeukia Kaveke. "Mama Mwende, kufuga si kosa. Lakini hapa siku hizi pamejaa watu. Nakupa hadi shule zifungwe. Ukipata njia ya kumaliza hii harufu, sawa. Ukikosa, uwauze."

Kaveke aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufagia. Mumewe Muoki alikuwa kibarua wa kiwanda Thika, leo kuna kazi, kesho anarudishwa langoni. Siku za kurudishwa, nguruwe ndio waliolisha nyumba.

Jumapili, walipokuwa wakitoka kanisani, Muoki akasema, "Unamkumbuka yule mzee wa nje ya Thika aliyetuuzia dume? Kwake hapakunuka. Na ile chai tuliyokunywa ilipikwa kwa gesi ya mavi ya nguruwe."

Kaveke akasimama katikati ya njia. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekunywa?"

Wiki hiyohiyo wakarudi kwa yule mzee. Akawaonyesha shimo lililofunikwa, bomba lililotoka humo, na jiko lililowaka jikoni bila moshi wala masizi. Kisha akawaunganisha na fundi wake, Ngigi. Kaveke akauza jike mmoja mnono, akanunua matofali, saruji na mabomba, naye na Muoki wakachimba wenyewe.

Wapangaji waliegemea ua wakitazama. "Mama Mwende anachimbia nguruwe kaburi!" Janice akapaza sauti, na ploti nzima ikacheka.

Ngigi alijenga kama chungu kikubwa ndani ya shimo, akakipiga plasta vizuri, akakifunika kwa udongo. Kila asubuhi Kaveke alisukuma mavi yote ya banda humo ndani, akayakoroga na maji. "Sasa tuvumilie," Ngigi alisema. "Yakichachuka, gesi itapanda yenyewe."

Siku ya kuwasha, ua ulijaa vichwa. Ngigi akafungua koki, Kaveke akawasha kiberiti. Jiko halikuwaka. Akawasha kingine, kikamuunguza kidole. Upande wa pili mtu akauliza kama chai iko tayari, na kicheko kikalipuka. Kaveke alitamani ardhi immeze. Siku ya kufunga shule ilikuwa ikikaribia, na jike wake mzuri alikuwa ameenda.

"Gesi iko, mama," Ngigi alisema akikuna kichwa. "Lakini kuna mahali inapotelea."

Watu walipotawanyika, Kaveke alikoroga sabuni kwenye beseni hadi ikafura povu, akaanza kulipaka bomba kipande kwa kipande, kama watu wanavyotafuta pancha ya tairi. Kwenye kiungo kilichokuwa karibu na ukuta wa jikoni, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Fundi! Fundi, njoo uone!"

Ngigi akafungua kile kiungo, akakifunga upya, akakikaza kwa nguvu zake zote. Wakasubiri gesi ijae. Kaveke alipowasha tena, jiko likasema "fuu", na moto wa buluu ukasimama wima. Alipiga vigelegele peke yake mpaka Muoki akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Harufu nayo ikafifia, kwa kuwa mavi hayakulala tena bandani. Lakini hakuna jirani aliyekubali kuonja chakula alichokipika kwa gesi hiyo.

Kisha mvua ikanyesha mfululizo, na makaa yakaloa. Wapangaji wakaingiza majiko vyumbani, na Kaveke akawasikia watoto wakikohoa. Asubuhi moja Janice alisimama langoni, macho mekundu kwa moshi, mtoto wake mdogo mgongoni, sufuria ya maharagwe mkononi. Aliinua sufuria kidogo.

"Mama Mwende… huo moto wako unaweza kuivisha maharagwe?"

"Ilete, Janice. Ingia, usinyeshewe."

Maharagwe yalipoiva, Janice aliyanusa kwanza, kisha akaonja kwa ncha ya kijiko. "Aki, ni maharagwe tu!"

"Kwani ulitaka yawe nini?"

Walicheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake majirani walikuwa foleni. Kaveke akaongea na mwenye ploti, Ngigi akapitisha bomba chini ya ua hadi kwenye kibaraza cha wapangaji, nao wakawa wanaleta maganda ya kulisha nguruwe na kusaidia kuchota maji.

Shule zilipofungwa, naibu wa chifu akaja. Alivuta pumzi kwa hofu, halafu akavuta tena. Kilichonukia ni chapati.

"Kumbe uliuza nguruwe?"

Bandani, dume akakoroma kwa sauti. Naibu wa chifu akamgeukia Janice. "Si ni wewe ulikuja kulalamika?"

"Ni mimi, chifu. Na bado nalalamika." Janice aligeuza chapati bila haraka, kibaraza kizima kikimsikiliza. "Jioni sote tukipika pamoja, moto unapungua. Mwambie Mama Mwende aongeze nguruwe."