Nyumba Iliyopakwa Wanja

Siku ya Jumatatu, Mselem alimwambia mama yake kwamba lori la mjomba Idarusi lingepita Ijumaa kumchukua, akakae Mwera. Alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Mwera kulikuwa na nyumba pana na wajukuu wa kumchotea maji, na hakuna ambaye angemruhusu kusogelea moto.

Bi Asmahani alikuwa kwenye mkeka wake, mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Akauliza vitumbua vyake atamkaangia nani huko.

"Utapumzika, mama."

"Kupumzika kupo, mwanangu. Kaburini nitapumzika mpaka nichoke."

Mselem hakucheka. Alikuwa ameuona mkono ule siku ulipoungua, na tangu hapo hakulala vizuri.

Mtaa wao wa Chumbageni ulizoea kuamka na harufu ya vitumbua vya Bi Asmahani. Alipofiwa na mume ndivyo vilivyomlea Mselem, na hata Mselem alipopata kazi bandarini mama hakuacha, kwa sababu asubuhi bila wateja aliiona kama nyumba bila watu. Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kufifia. Kila alichokitazama kilikuwa na waa katikati, kama mtu ameweka kidole gumba juu ya kioo. Daktari wa hospitali ya serikali alimpima akasema hana mtoto wa jicho wa kupasuliwa, wala miwani haingesaidia. Hatapofuka kabisa, lakini kilichofifia hakitarudi. Bi Asmahani alimshukuru, akarudi nyumbani, akaendelea kukaanga.

Ila baada ya Idi mambo yaliharibika ghafla. Alijikwaa kwenye kizingiti alichokivuka tangu alipokuwa bibi harusi. Alimwaga tui chini. Mwisho, akipapasa kutafuta bakuli la rojo, alilisukuma likaangukia kwenye mafuta yaliyokuwa yakichemka, yakamrukia mkononi. Hapo ndipo Mselem alipomwandikia mjomba.

Jumanne alikuja Dorkasi kubadilisha bendeji. Alikuwa muuguzi kijana, Mluteri kutoka milima ya Usambara, na kabla ya kuhamishiwa Tanga alikuwa amefanya kazi wodini na mama mmoja wa Kizungu aliyewafundisha wagonjwa kufunga vifungo kwa mkono mmoja, kupika wakiwa wamekaa, kujiogesha wenyewe. Kazi hiyo iliitwa tiba ya kazi. Wauguzi wengine waliitania wakiiita tiba ya kufagia. Dorkasi aliipenda kuliko sindano.

Alipiga hodi, akamwamkia Bi Asmahani shikamoo, akaweka sweta lake la buluu kwenye kiti. Bi Asmahani aliitika marahaba, akasikia kutoka kwa mkwewe Semeni, mke wa Mselem, kwamba mgeni amekuja na sweta, akataka kujua kama huko kwao hawajaambiwa kwamba Tanga kuna jua. Dorkasi akajibu kwamba mama yake ndiye aliyemfungashia, na ya mama hayakataliwi.

"Mwambie hayo mwanangu," Bi Asmahani alisema.

Ndipo habari ya lori ilipotoka. Dorkasi alifunga bendeji mpya bila haraka, kisha akaomba jambo lililomshangaza Semeni. Alitaka bibi ampeleke jikoni amwonyeshe anavyokaanga, hata kama hakuna moto. Semeni alikimbilia kumshika mzee mkono. Dorkasi akamsihi amwache.

Jikoni, muuguzi alidhani tatizo ni mwanga. Alifungua dirisha lote, na jua likapiga ukuta. Bi Asmahani akafunika macho kwa kiganja, akasema sasa haoni hata alichokuwa anakiona. Dorkasi akalirudisha dirisha nusu, akaona haya kidogo, akanyamaza atazame.

Alimwona bibi akinyoosha mkono kutafuta bakuli kwenye rafu ya udongo, vidole vikipita juu yake mara kadhaa bila kuligusa. Kisha kifaranga kikaingia kutoka uani. Bi Asmahani akageuza uso pembeni, akakiona sawasawa, akakifukuza kwa kanga.

"Kifaranga umekionaje, bibi?"

"Nimekitazama kwa upande."

"Na mimi mbona unanitazama usoni?"

Bi Asmahani akaeleza kwamba zamani aliwatazama wateja vile vile, kwa upande, mpaka akasikia wananong'ona kuwa Bi Asmahani siku hizi ana maringo, anamwangalia mtu kwa kijicho. Kwa hiyo alijifunza kumkabili kila mtu uso kwa uso, kama adabu inavyotaka. Na kila aliyemkabili akapotea.

"Katikati ndipo palipochakaa, bibi," Dorkasi alisema. "Pembeni ni pazima. Tumia pazima. Wateja tutawaeleza."

Kisha, kwa kuwa alitaka kuona zaidi, alilifuata sweta lake kitini, akalitandika kwenye rafu na kuweka bakuli juu yake.

Bi Asmahani aligeuza uso kidogo. "Hilo bakuli umelitoa wapi?"

Lilikuwa lile lile. Bakuli jeupe la bati, na ndani yake, wakati wa kukaanga, hutiwa rojo jeupe, juu ya rafu nyeupe, mbele ya ukuta mweupe. Dorkasi akauliza kama jiko lilikuwa hivi siku zote. Semeni alikuwa ameshika mdomo. Jiko lilikuwa jeusi kwa moshi, alisema polepole. Kwa ajili ya Idi, Mselem alikwenda mwenyewe Tongoni kuleta chokaa, akapaka nyumba nzima kwa heshima ya mama, jiko, rafu, hata kizingiti. Na yeye Semeni akakitupa chungu cheusi cha rojo, akanunua bakuli jipya, ili mama asitumie kitu cha kizee.

Bi Asmahani ndiye aliyeanza kucheka.

Mselem, aliporudi jioni, hakucheka. Dorkasi alikuwa amemsubiri. Alimweleza kwamba macho ya mama hayakuharibika zaidi. Nyumba ndiyo iliyomficha vitu. Ukingo wa rafu na kizingiti vipakwe masizi, rojo lirudi kwenye chungu cheusi, upawa uwe na mahali pake pasipohamishwa na yeyote, na mama akae jua likiwa mgongoni. Mselem alisikiliza akitazama ukuta wake. Akasema watu watamsema, kwamba ameshindwa kumtunza mama, anamkaangisha vitumbua huku haoni, na nyumba ameichafua.

"Wewe ulinipakia chokaa kwa mapenzi," mama yake alisema. "Lakini nikikaa Mwera nikilishwa, hapo ndipo nitakuwa kipofu. Nipe asubuhi moja. Nikiungua tena, nitapanda lori mwenyewe."

Jumatano Semeni alipaka masizi ukingo wa rafu na kizingiti cha jikoni, akaazima chungu cheusi. Alhamisi, kabla ya jua kupanda, moto uliwashwa. Mselem alichuchumaa karibu, mikono tayari, mpaka mama akamwambia kivuli chake kinamsumbua. Bi Asmahani aligeuza uso, akauona mdomo mweusi wa chungu umezunguka weupe wa rojo. Akateka kwa upawa, akamimina kwenye chuma cha vitumbua. Kitumbua cha kwanza kilimwagika ukingoni. Cha pili kilikaa. Alipogeuza cha tatu kwa kijiti, Mselem alishusha mikono yake, akaiweka magotini, wala hakuinyanyua tena.

Ijumaa lori lilikuja. Mjomba Idarusi alikula vitumbua kibarazani mpaka dereva akalalamika, akaondoka na kikapu chake bila dada yake.

Alasiri, Mselem alichanganya masizi na maji kwenye kopo, akapiga magoti mbele ya nyumba aliyoipaka kwa mikono yake, akachora mstari mweusi, mpana, kwenye kizingiti cha mbele. Jirani yao Uweso, fundi baiskeli, alisimama kutazama.

"Mselem, nyumba yako imepakwa wanja. Inaolewa lini?"

Mselem alianza kumweleza habari ya macho ya mama yake, kwa nini anawatazama watu kwa upande, na kwamba si maringo. Katikati ya maelezo Bi Asmahani alitokea mlangoni peke yake. Aligeuza uso kidogo, akautafuta ule mstari, akauvuka.

"Uweso," alisema, "kesho njoo mapema. Jana ulikuta vimekwisha."