Jasho la Baridi

Kakuma, kwa joto lilivyo, hakuna anayekuuliza kwa nini unatoka jasho. Ndiyo maana mume wangu Odongo, afisa wa maji, alipolowa shati akiwa ameketi tu dukani kwangu, hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mimi nilimpangusa shingo. Ilikuwa baridi. Mchana wa jua kali, mabati yanalia juu yetu kwa joto, na ngozi ya mtu ni baridi kama mtungi! Niliogopa hapo hapo.

"Mama Atieno, hiyo sukari imeshuka," akasema Mabior, jirani yetu muuza simu kutoka Sudan Kusini. "Mama yangu iko na hiyo ugonjwa. Mpe soda haraka."

Hakukosea sana. Odongo ana kisukari miaka mingi, na soko letu zima linajua dawa ya jasho na kutetemeka ni soda. Alikuwa ameshapiga mafunda mawili nilipompokonya chupa. Nikamtoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo. Kumi na tisa. Hiyo ni sukari iliyopanda sana, si iliyoshuka.

"Kifua kinauma?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu inauma. Ni uchovu, na pumzi kidogo. Wewe nawe, wacha kelele."

Kliniki ya jirani walimpima presha, wakatazamana. Mashine ya kupima moyo iko hospitali ya Lodwar, wakasema, na gari la wagonjwa limeenda Lokichoggio. Nikakodi gari, Probox ya Morgan, kijana anayebeba abiria pale stejini.

Hatukufika mbali Odongo akaanza. "Morgan, geuza gari. Mimi si mgonjwa."

Morgan akapunguza mwendo. Kwake, neno la mzee ni neno la mzee. "Mama, mzee amesema turudi."

"Mzee akifia humu ndani, wewe ndiye utawaeleza watu wake?" Karibu nishike usukani mwenyewe kutoka kiti cha nyuma, naapa. Morgan akakanyaga mafuta. Njia nzima hadi Lodwar nilimgusa Odongo kila mara nione kama anapumua.

Hospitalini, Daktari Jerotich alisoma karatasi ya mashine ya moyo akiwa bado amesimama. "Mama, huu ni mshtuko wa moyo. Umeanza kitambo, labda asubuhi."

"Lakini hajaumwa hata kidogo!"

"Kisukari huziba mishipa ya moyo, mara nyingi si mmoja. Halafu huharibu neva, kwa hivyo maumivu hayafiki. Mwenzake asiye na sukari angelia saa hiyo hiyo." Akaonyesha sehemu nyingine ya karatasi. "Na hapa kuna kovu la mshtuko mwingine. Hili si la leo."

Kovu! Nililala kando ya mtu huyu kila usiku na moyo wake ukapasuka kimya kimya bila mimi kujua. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

Wakamtundikia dripu, wakaita gari la kumpeleka hospitali kubwa ya Eldoret. Tukangoja. Odongo akafumbua macho, akanitabasamia.

"Mama Atieno, sasa niko sawa. Hakuna kitu inauma."

Muuguzi akafurahi, akageukia mgonjwa mwingine. Mimi nikapeleka mkono shingoni mwake.

Ilikuwa baridi tena, imelowa.

Nilipiga ukelele wodi nzima ikainuka. Daktari Jerotich alikuja mbio, na hakumuuliza kama anaumwa.