Lugha ya Kupokelea Wageni

Bi Kaltham ndiye aliyelianzisha jambo hili. Kila Alesya, mke wa mwanawe, alipopigiwa simu na mama yake kutoka Belarusi, sauti ilimbadilika akawa kama mtoto mdogo.

"Lugha gani ile?" Bi Kaltham alimwuliza.

"Kibelarusi, Mama. Cha kijijini kwetu."

"Na mwanao Arwa mbona hukumfundisha?"

Alesya akamweleza, kwa Kiswahili alichokiokota jikoni kwa Bi Kaltham mwenyewe, kwamba alipokwenda Minsk kusomea uuguzi wenzake walimcheka, wakasema lugha yake inanuka zizi. Akaiacha. Yeye na mumewe Khelef, aliyekuwa akisomea udaktari huko huko, walipendana kwa Kirusi, na Kirusi ndicho walichokuja nacho Ibra, mji wa Waarabu. Arwa, wa miaka tisa, nyumba nzima ilimsemesha Kiarabu, asije akachekwa skuli.

"Basi miye nawe maradhi yetu mamoja," alisema Bi Kaltham. "Na miye walinichekea Kiswahili changu nilipohamia huku, nikamnyima mjukuu wangu; hajui hata neno."

Mwaka huo, 1998, Hanna, mama yake Alesya, alikuwa kitandani, mapafu yamekwisha. Alesya alikuwa na mimba ya miezi minane, hawezi kupanda ndege. Akataka jambo moja tu: mama yake asife kabla ya kumsikia mjukuu akisema lugha yake.

Wakamfundisha Arwa shairi dogo la busel, korongo anayejenga juu ya paa la ghala. Kila alasiri walikaa kitako, Bi Kaltham akitoa kokwa za tende na yeye pia akilijaribu. Akalalamika kuwa maneno yanamkwama kooni kama mwiba wa nguru, Arwa akacheka mpaka akajilaza chini. Kufika Ijumaa mtoto alilishika lote.

Simu ikapigwa. Jirani akamshikia Hanna mkonga wa simu. Arwa akatoa salamu, akasema shairi, hakukosea hata mahali.

Kisha Hanna akaanza kujibu, anahema, kwa Kirusi. Kirusi cha kuungaunga, kile alichokuwa akiwatolea madaktari na wakubwa wa shamba la ushirika, kama mtu anavyotoa vikombe vya wageni.

Arwa hakufahamu hata neno. Akamrudishia mama yake mkonga.

"Mama, sema kikwetu," Alesya alimsihi. "Amejifunza kikwetu."

"Mtoto wa daktari nimsemeshe kishamba?" Hanna alikohoa. "Nimejitahidi. Mwambie kwamba bibi yake anamsifu, amesema vizuri."

Jumatatu alifariki.

Majirani walipokwisha kutoa pole wakaondoka, Arwa akajisogeza kwa Bi Kaltham, macho yamevimba. Akamwuliza kwa Kiarabu alikosea wapi, hata yule bibi akakataa kumjibu kwa maneno yale aliyoyajua.

Bi Kaltham akaanza kumjibu kwa Kiarabu chake kibovu. Alesya akamshika mkono.

"Kwa Kiswahili, Mama."

Bi Kaltham akafumbua kinywa. Akamtazama mjukuu wake anavyosubiri. Akautoa mkono wake taratibu katika mkono wa Alesya, akaendelea kwa Kiarabu.