Mashua Iliyolilia Jina

Saa mbili asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa nane mwaka 1996, mafundi wa karakana iliyo nyuma ya soko la mifugo la Lubao walipigilia kabari za mbao kati ya kalibu na bodi ya mashua, wakamimina maji kwenye upenyo, na bodi ikatoka. Ilikuwa ya faibaglasi, futi ishirini na nane, nyeupe, haina hata kiputo kimoja. Ikaanza kulia.

Ililia kilio cha mtoto mchanga, bila kupumzika. Mafundi waliigongagonga ubavuni kusikiliza kama tabaka zimeshikana. Zilikuwa zimeshikana vizuri. Walizoea kuunda matangi ya maji, na tangi halikuwahi kulia, lakini hii ilikuwa mashua yao ya kwanza ya matanga na hakuna aliyetaka kujifanya mjuaji. Tajiri wa Kisumu aliyeiagiza angefika saa sita, na akiikataa, karakana ingefungwa.

Zipporah, mpishi wao, alitoka jikoni na mwiko wenye obusuma, ugali wa mchana.

"Inataka jina," alisema. "Mtoto akilia hivi anaitiwanga majina ya wafu mpaka anyamaze. Anzeni."

Wakaanza. Waliita babu, nyanya, mashangazi. Mmoja aliita hata fahali wake wa mapigano aliyefia uwanjani Malinya. Mashua ikazidi.

Jescah alikuwa pembeni akikata nyuzi za kioo, hakuinua kichwa. Jina alilijua, na wenzake walilijua, ila hakuna aliyethubutu kulitaja. Mumewe, Patroba, ndiye aliyepaka tabaka la mwisho ndani ya bodi ile, mlango wa karakana umetiwa kufuli kwa nje ili vumbi lisiingie. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa meneja Osundwa, na Osundwa alikuwa mjini akila kuku. Mvuke wa rezini, ile gundi aliyokuwa akipaka, ukammaliza Patroba. Daftari la mahudhurio likasema siku hiyo hakufika kazini. Tangu hapo Jescah alikuwa na hasira isiyolala, na alitaka kitu kimoja tu: iandikwe kwamba mumewe alikuwa kazini.

Saa tano na nusu Osundwa alimjia, shati limemganda mgongoni.

"Jescah, mwite wewe."

"Mimi namwitanga kila siku, bosi. Leo aitwe na mwenye ufunguo."

Kazi zote zilisimama. Nje ya geti lori la tajiri likapiga honi. Osundwa alipanda ngazi, akaingiza kichwa ndani ya bodi, akanong'ona. Kilio kikapungua kidogo, kisha kikapanda tena.

"Kwa sauti," Zipporah alisema. "Mtoto haitwangi kwa kuibia."

"Patroba!" Osundwa aliita. "Patroba Shitanda!"

Wanunuzi wa mbuzi ng'ambo ya barabara walisikia. Mashua ilivuta pumzi moja ndefu, ikalala.

Tajiri aliipapasa, akaridhika, akaagiza iandikwe jina la bintiye, Mitchel. Mafundi waliipakia polepole wasije wakaiamsha.

Jescah alimfuata Osundwa na daftari na kalamu.

"Umemwita mbele ya watu, bosi. Sasa andika alikuwa hapa."

Osundwa aliliangalia lori mpaka likatoka getini.

"Imenyamaza, mama," alisema. "Tuandike ya nini?"