Kashindye Alivyomleta Ng'ombe Kupimwa

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa Matilda, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi na mikono: nilimwita mwanamke mwongo mbele ya watu ishirini, na mwongo hakuwa yeye.

Mimi ndiye bwana mifugo wa hapa Ngulyati. Nina diploma na nina kitambi, na vyote viwili nimevihangaikia. Mwezi ule kampuni moja ya maziwa ilifungua kituo cha kukusanyia hapa senta. Gari lao linakuja saa tatu asubuhi, linabeba kupeleka Bariadi mjini. Msimamizi wao, Joakim, kijana wa shati jeupe, akaniomba nimsaidie kupima siku ya kwanza. Nikakubali haraka. Kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa sikuwa nimekishika tangu chuoni, na nilitaka watu wanione nacho.

Wanawake wakapanga foleni na madumu yao. Wengi wanatoka mbali kwa baiskeli, maziwa yanafika yamepoa. Kashindye yeye anakaa hapo nyuma ya senta tu. Alifika na ndoo yenye povu juu, joto la ng'ombe bado limo. Nikatumbukiza kipimo. Kikazama mpaka ishirini na tano, na maziwa safi hayashuki chini ya ishirini na nane.

"Haya yana maji," nikasema. Kwa sauti.

Senta nzima ikageuka kumtazama. Kwa wazee wa hapa, anayetia maji kwenye maziwa anakausha chuchu za ng'ombe wake na za majirani. Mtu wa hivyo haazimwi dume, hata mbuzi wake wanaangaliwa vibaya.

"Bwana mifugo," Kashindye akasema taratibu, "rudia."

Nikarudia. Kipimo nacho kikarudia.

Joakim akalikata jina lake kwenye orodha palepale, halafu akaona nafasi. "Mnaona wenyewe? Ndiyo maana mjini wananunua ya pakiti. Kuanzia kesho bei inashuka kwa wote, mpaka mjifunze uaminifu."

Alisema hayo kashika kikombe cha chai. Pembeni yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga kutoka nje ya nchi.

"We Joakim," Matilda akamrukia kutoka kwenye foleni, "umezungukwa na madumu ya maziwa yote haya, chai unakunywa ya unga?"

Watu wakacheka. Bei ikashuka vilevile.

Kesho yake saa mbili Kashindye akaja bila ndoo. Alikuja na ng'ombe. Chotara mweusi, kiwele kimejaa hadi kinang'aa, na ndama nyuma, maana yule ng'ombe bila kumwona ndama hashushi hata tone. Akamfunga kwenye nguzo ya bango la kampuni.

"Mwangaluka," akatusalimia.

"Mwangaluka mhola, mayu," nikajibu kwa Kisukuma, kama anavyojibiwa mama yeyote wa hapa.

"Jana mmesema natia maji. Leo nimewaletea kisima chenyewe. Lete chombo chako."

Joakim akatoka mbio. "Mama, ng'ombe haruhusiwi hapa! Hili ni eneo la chakula!"

"Na huyo ndiye mpishi," Matilda akamjibu.

Kashindye alikuwa amekunja mikono ya gauni hadi mabegani. Akainua mikono yote miwili. "Tazameni vizuri. Joakim, njoo uchungulie na kwapani, labda nimeficha bomba." Akamwacha ndama anyonye kidogo, akamvuta pembeni, akaosha chuchu, akachuchumaa. Akakamua moja kwa moja kwenye chombo changu cha kupimia.

Nikatumbukiza kipimo.

"Soma kwa sauti," akasema. "Ileile ya jana."

"Ishirini na tano."

"Kwa hiyo ng'ombe naye anatia maji? Anayatia saa ngapi, bwana mifugo? Wewe ndiye umesoma."

Hapo ndipo diploma yangu ikaamka, imechelewa siku moja. Maziwa ya moto ni mepesi, kipimo lazima kizame. Yanatakiwa yapoe hadi nyuzi ishirini, na povu litulie. Tulifundishwa hayo mapema kabisa chuoni, na mtihani wake nilipata A. Nikaomba beseni la maji ya mtungini, nikakisimamisha chombo humo, tukasubiri. Watu wote, na ng'ombe, wananitazama. Nilitaka kutania kidogo. Utani ukagoma kutoka.

Nikapima tena. Ishirini na tisa.

"Hayana maji," nikasema. "Hata ya jana hayakuwa na maji. Nimekosea mimi. Mayu Kashindye hana kosa."

Joakim akapiga makofi mawili. "Basi, yameisha! Mama, tunakurudisha kwenye orodha."

"Kwa bei ipi?"

"Hii ya leo."

"Hii mliyoishusha kwa ajili ya maji yangu? Maji yenyewe yako wapi?"

"Bei imeshapangwa ofisini, mama."

"Basi nani kakuomba kurudi?" Kashindye akasimama. "Nilitukanwa mbele ya watu, nimekuja kupimwa mbele ya watu. Nimepimwa." Akageukia senta. "Mwenye chombo alete! Bei ni ile ya kwanza. Mkachemshe wenyewe."

Wa kwanza alikuwa Thomasi, fundi pikipiki, na birika lenye masizi. Akafuata mwenye mgahawa na sufuria mbili. Matilda akatoa dumu lake kwenye foleni ya Joakim, akaliweka chini karibu na ng'ombe, akaanza naye kuwauzia watu. Mwingine akatoa lake. Na mwingine.

"Gari linakuja saa tatu!" Joakim akapiga kelele. "Mtajuta!"

"Lije tu, lipakie kopo lako!" Matilda akamjibu.

Lilikuja kweli. Dereva akatazama, akazima injini, akashuka kuuliza kama kuna mtindi.

Nami nikaenda kuazima jagi, nikapanga mstari kama watu wengine. Zamu yangu ikafika. Kashindye akanyoosha mkono pembeni yangu, akapokea chupa ya bibi aliyekuwa nyuma yangu, akaendelea kukamua.

"Mayu, na mimi nipimie lita moja," nikasema.

Maziwa yakawa yanalia ndani ya chupa. Matilda akaangalia pembeni.

"Hata nusu, mayu."