Bi Sharofat Azirai Mara ya Nane

Katika maisha yake yote Bi Sharofat alikuwa amezirai mara saba, na mara zote saba alishinda. Alizirai kaka yake alipotaka kukata mzabibu wa uani, na mzabibu upo hadi leo. Alizirai jirani alipoleta jogoo mwenye sauti ya bawaba kavu. Jogoo akaliwa Jumapili iliyofuata. Alizirai mbele ya fundi aliyemshonea gauni la hariri likambana kwapani, nalo likashonwa upya bure. Hakuna haja ya kusema kwamba hakuwahi kupoteza fahamu hata kwa sekunde moja. Ulikuwa ustadi tu: macho yanageuka, mkono unakwenda kifuani, kisha mwili unaangukia upande wenye mito.

Safari hii alikuwa amekwenda kumposea Elmurod, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Binti mwenyewe, Munojat, mwalimu wa kemia, hakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa Toshkent, mji mkuu ulio mbali. Munojat alikuwa amepata kazi huko, na Elmurod alikuwa ameshasema kwamba atamfuata. Bi Sharofat hakumwambia mtu alichokiona kila akifumba macho: nyumba ya vyumba vinne, sufuria kubwa ya pilau, na mlaji mmoja. Basi aliapa moyoni kuwa mkate hautamegwa mpaka binti aahidi kubaki hapa Margilon. Na mkate ukishamegwa na pande mbili, posa imekubaliwa, hata mfalme hawezi kuirudisha.

Mlangoni alipokewa na harufu kabla ya kupokewa na watu. Bibi Tojixon, nyanya yake Munojat, alikuwa amejiandaa kwa wageni kwa njia yake ya kawaida, yaani maji ya amonia, ambayo kila nyumba mtaani huyaita nashatiri. Alikuwa ameyafutia madirisha hadi ndege wawili wakajigonga. Alikuwa ameyapitisha kwenye madoa ya zulia, kwenye taa ya dari, na, baada ya kuyazimua kwa ndoo ya maji, kwenye vitunguu vya bustani ili nzi wahame. Pete zote za nyumba zililowekwa humo. Mwaka juzi aliloweka na ya shemeji yake, maji yakageuka buluu kama anga, ukoo mzima ukajua kuwa dhahabu ile ilikuwa shaba. Mpaka leo shemeji hupita upande wa pili wa barabara. Chupa yenyewe hukaa katika mfuko wa kizibao chake cha mahameli, karibu na moyo.

Walikaa kwenye magodoro, wakanywa chai, wakasifu chai, wakaulizana afya za watu ambao hawakuwapo. Mkate ulikuwa katikati ya meza, mzima, unawatazama. Ndipo mama yake Munojat akasema kwa upole kwamba, baada ya harusi, watoto wataelekea Toshkent.

Macho ya Bi Sharofat yakageuka. Mkono ukaenda kifuani. Akaangukia upande wenye mito.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Upande wenye mito ndio aliokaa Bibi Tojixon.

Mama yake Munojat alitaka maji, akataka kumwita daktari, akataka na mume wake aliyekuwa sokoni. Bibi Tojixon alimwambia akae. Kizibo kikatoka kwa mlio mdogo, na chupa ikasimama shibiri moja kutoka puani mwa mgonjwa.

"Munojat, mjukuu wangu," alisema. "Wewe ndiye msomi. Inafanyaje kazi?"

"Aliyezirai kweli anaendelea kupumua, bibi," Munojat alijibu kwa sauti ya darasani, birika mkononi. "Hewa ya amonia inapenda maji kupita kiasi, kwa hiyo inavamia unyevu wa puani na kuuchoma. Mtu anashtuka, anavuta pumzi kubwa, anaamka."

"Na asiyezirai?"

"Huyo anabana pumzi."

"Basi tungoje. Nimiminie chai."

Bi Sharofat alibana pumzi, akahesabu moyoni. Alipofika ishirini alijisifu. Alipofika arobaini alimkumbuka yule jogoo, akamwomba radhi. Juu yake aliwasikia wakijadili, bila haraka yoyote, kama masikio yake yalikuwa na rangi ya komamanga au ya kiazi chekundu.

Halafu akavuta.

Ilikuwa kama sindano iliyoingilia puani, ikatokea utosini, ikaondoka na kofia. Bi Sharofat alikaa, akasimama, akakaa tena mahali pengine. Machozi yakamchuruzika hadi kidevuni.

"Analia kwa furaha," Bibi Tojixon alitangaza, akaziba chupa.

Alitaka kukanusha. Lakini chupa ilikuwa imeshazibwa, harufu imeshapanda darini, na machozi bado yanakuja, wala hayakuwa tena ya nashatiri.

"Nitampikia nani pilau?" alisema. "Sufuria yangu ni ya watu kumi na wawili. Sijui kupika kidogo."

Hakuna aliyecheka. Munojat aliweka birika chini, akaja kukaa kando yake.

"Kila mwisho wa wiki tutapanda treni, shangazi, tuje kula kwako. Tukikosa hata mara moja, uzirai."

Bi Sharofat alijifuta kidevu. Alifikiri kwamba mtoto huyu angeweza kumnyamazia bibi yake, akamwacha mgeni apasuke mapafu, na badala yake alikuwa amesema kila kitu kwa sauti, pole pole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango. Akaunyoosha mkono kwenye mkate. Bibi Tojixon akashika upande wa pili. Ukamegeka.

Wakati wa kuondoka alipewa kifurushi cha wageni, kama desturi: mikate miwili, peremende, zabibu kavu. Katikati ya zabibu palikuwa na chupa ndogo, imezibwa vizuri.

"Ya madirisha," alisema Bibi Tojixon.

Bi Sharofat alihisi kizunguzungu, na safari hii kilikuwa cha kweli. Aliangalia pa kuangukia, akamwona bibi amesimama hapo hapo, mkono mfukoni. Akaona heri abaki wima.