Kitenge cha Kubebea Kasa

Ornella, kitinda mimba wa Kavugho, alikuwa na kazi ambayo mama yake hakujua kuieleza kanisani. Watoto wa wenzake walikuwa wauguzi, wafanyabiashara, mmoja hata padri. Wake alikuwa kwenye kisiwa kidogo katikati ya bahari, analinda mayai ya kasa, wale kobe wakubwa wa baharini ambao sheria inakataza kuwasumbua.

“Anachungaka kobe,” Kavugho alikuwa akisema, kisha anageuza mazungumzo upesi.

Jumatatu hiyo Kavugho alitakiwa kutoa jibu. Mkuu wa shule moja ya mtaa wao, Mususa, alikuwa amemwekea Ornella nafasi ya kufundisha biolojia, na huko kisiwani nako walimtaka kwa mwaka mwingine. Ornella alikuwa amesema neno moja tu: “Mama, ukisema nirudie, nitarudia.” Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Kavugho alimtaka nyumbani. Wiki nzima alipanga na kupangua vitenge dukani kwake bila hamu ya kuuza.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo simu ya video ya Ornella ikaita, na kwenye kioo akaona mchanga unachemka. Vitoto vyeusi, vidogo kuliko kiganja, vilikuwa vikitoka ardhini kimoja juu ya kingine.

“Batoto bangu banazaliwa, mama,” Ornella akasema.

Kavugho akasahau kinyongo chake. Kwa Wanande, kabila lao, jina hufuata zamu ya kuzaliwa, basi akauliza lililo muhimu: “Wa kwanza ni mwanamuke ao mwanaume? Kama ni mwanamuke, ni Masika.”

“Biko mia moja na kumi na tatu.”

“Ah. Majina yetu haifike kule.”

Wakacheka mpaka Ornella akakohoa. Ndipo Kavugho akaona kitoto kimoja kimelala chali, miguu inapiga hewa, na maji bado mbali. Akanyakua kitenge mezani kana kwamba angeweza kukipitisha ndani ya simu.

“Lakini, si umubebe? Unaangalia tu? Wewe nilikubeba mu mugongo toka kijiji ya Vuhovi mpaka hapa.”

“Hatubabebake, mama. Lazima batembee bo benyewe mpaka mu maji, ju bajue muchanga yabo. Bakikomaa, banarudia hapa kutaga.”

Kitoto kikajipindua, kikashika njia. Kavugho alibaki na kitenge mkononi.

“Na wewe? Nilikubeba sana. Utajua njia ya kurudia?”

“Bo banakumbuka muchanga, mama. Mimi nakumbuka mugongo.”

Kavugho akafuta machozi kwa kitenge kipya cha kuuza, kosa ambalo angemgombezea mtu mwingine yeyote. “Basi bakia,” akasema. “Mwaka moja. Na ule wa chali, umuite Masika.”

Akafunga duka, akaenda shuleni. Mkuu wa shule alipouliza kama binti anakuja, Kavugho alivuta kiti.

“Hapana, directrice. Mutoto wangu anachungaka kobe ya bahari,” akasema, na safari hii hakugeuza mazungumzo.